Mkutano Ambao Sikuuleta Nyeri

Kazi yangu ni kuwafundisha watu kutembea tena. Mzee aliyepooza upande mmoja, msichana aliyegongwa na pikipiki, mama aliyevunjika nyonga akichuma chai, wote huletwa kwangu hospitalini Nyeri. Wengi huniita daktari ingawa mimi ni mtaalamu wa viungo tu. Chama cha dunia cha watu wa kazi yetu hukutana kila baada ya miaka michache, leo nchi hii, kesho nchi ile, na si miaka mingi iliyopita Kenya iliomba kuwa mwenyeji. Viongozi wetu walisema mkutano usiende Nairobi wala Mombasa. Uje huku mlimani, kwenye hewa safi. Nikapewa kazi ya kutafuta mahali.

Niliipokea kwa furaha. Nimezaliwa juu ya Karatina, kwenye mashamba ya chai na migomba, na nilitaka wenzangu wa ng'ambo wauone mlima saa ile ya asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Nilitaka waseme, kumbe huyu anatoka mahali kama hapa.

Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa mwanamke wa Nanyuki, Mwislamu, binti wa mfanyabiashara wa mifugo, mtaalamu kama mimi. Aliumia uti wa mgongo akiwa mtoto, na tangu hapo hutumia kiti cha magurudumu. Nadhani kamati ilimteua ili aonekane kwenye picha. Yeye alikuwa na mawazo mengine. Kila hoteli tuliyofika alitaka kupita kila mlango ambao mgeni angepita: ukumbini, mkahawani, chumbani, bafuni, mpaka kwenye kiduka cha shanga. Palipomshinda, alikaa papo hapo akamsubiri meneja aje amkute amekwama.

Katika hoteli ya kwanza, nje kidogo ya mji wa Nyeri, chumba cha kulia kilikuwa juu ya ngazi za mawe.

"Hakuna shida, madam," meneja alisema. "Tuko na vijana wa kubeba. Hata juzi walibeba mzee mmoja mpaka juu."

"Huyo mzee alitaka kubebwa?"

"Ati?"

"Nimeuliza kama alitaka."

Meneja alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Mimi si gunia la viazi," mwenzangu alimwambia, bila hasira yoyote. "Nataka kufika kwenye chakula vile wewe unafika."

Tuliporudi baada ya wiki chache tulikuta mteremko wa saruji kando ya zile ngazi, bado ukiwa na unyevu. Meneja mwenyewe alisimama juu akitungoja, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri daftari lisahihishwe. Mwenzangu alipanda polepole, akageuka, akashuka, akapanda tena. "Sasa tunaweza kuongea," akasema. Ndipo nilipoanza kuamini kwamba kazi ile ingewezekana. Ngazi hubomolewa na milango hupanuliwa. Jikoni mtu huelezwa nyama ya Waislamu ichinjwe vipi na ipikwe kwenye sufuria zipi, na anaelewa.

Lakini kulikuwa na jambo nililokuwa nikilifanya katika vyumba vile, ambalo mwenzangu aliliona kabla sijamwambia. Yeye alipokuwa akijaribu milango, mimi nilikwenda dirishani, nikauinua upindo wa pazia na kuutazama upande wa ndani. Tulipofika kwenye nyumba ya wageni ya Naro Moru, wanakolala wapanda mlima, niliukuta upindo umeshonwa mara mbili, mshono wa pili umekaa juu ya wa kwanza bila kuyumba. Nilimuuliza mwanamke aliyetutembeza ni nani aliyeyashona mapazia yale.

"Hayo yalinunuliwa Nairobi," akasema. "Unataka kama hayo?"

Nikasema yamenipendeza. Mwenzangu alinitazama, na tulipokuwa njiani kurudi akaniuliza natafuta nini kwenye mapazia ya watu. Nikamwambia.

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi cherehani mjini Karatina. Alishona mapazia, sare za shule, suti za harusi, na kanzu za kwaya ya kanisa letu, kwaya ambayo yeye mwenyewe aliifundisha. Alikuwa na sauti nyembamba ya kiume iliyopanda bila kujilazimisha, na watu walikuja kutoka parokia nyingine kumsikiliza. Hakuoa. Aliishi nyuma ya duka lake na rafiki yake, mtu mpole aliyeuza vitunguu kwa jumla pale sokoni. Kila rafiki huyo alipopita kwetu alimletea mama kifungu cha vitunguu, na kabla ya kusalimia watu wengine alimuuliza, "Mama, umekula?" Kwa miaka mingi hakuna aliyesema lolote. Kisha mtu mmoja akasema, na baada yake wakasema wote.

Mimi nilikuwa chuoni Nairobi. Kilichotokea nilisimuliwa na mama, na baadaye na watu wengine, na kila mmoja alikuwa na kipande chake. Ilikuwa Jumamosi ya soko, mchana kweupe. Umati uliingia dukani. Walitoa cherehani wakazivunja barabarani, wakamtoa na yeye. Waliompiga walikuwa watu aliowashonea suruali. Askari aliyefika alimshauri aondoke mjini kwa usalama wake, na sheria yenyewe, kwa jinsi ilivyo, haikuwa upande wake. Alipanda kwa miguu hadi nyumbani. Baba alikuwa amesimama langoni, na lango limefungwa.

"Sina la kukuambia," baba alimwambia.

Mama alilitungua koti la baba kwenye msumari, akazunguka nyuma ya zizi na kumpitishia juu ya ua. Kaka akalivaa pale pale. Lilikuwa kubwa kwake. Akamshukuru mama, akageuka, akashuka kuelekea barabara ya lami. Hatukumwona tena.

Wiki chache baadaye baba alivaa kofia yake akasema anakwenda kutafuta mtamba wa kununua. Alikwenda Meru. Mwezi uliofuata alikwenda Isiolo, halafu Nyahururu. Alizunguka hivyo mpaka miguu ikamshinda, na hakuwahi kurudi na ng'ombe, wala hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alifariki bila kulitaja jina la mwanawe. Mama naye bado huacha kazi ghafla, kiondo anachosuka mkononi, uso umeelekea langoni. Ukimuuliza, atasema ni upepo.

Na mimi hutazama mishono. Mgonjwa akiletwa uso umevimba kwa kipigo, kabla ya kumshika mguu humtazama sikio la kushoto, kwa kuwa la kaka lilikuwa na kovu. Najua si yeye. Kijana wa miaka ishirini hawezi kuwa yeye. Bado hutazama.

Mwenzangu alinisikiliza mpaka mwisho. Tulikuwa tumefika Kiganjo. Akasema, "Pole, dadangu," na baada ya hapo kila tulipoingia chumba cha hoteli alinipisha kwanza upande wa dirisha.

Baraza la chama cha dunia likamtuma mkaguzi wake. Alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Amerika Kusini, mvi kichwani, maneno machache, na alitembea na chupa ya maji ya moto ya kutengenezea majani fulani machungu ya kwao. Mwenzangu alimpenda mara moja, kwa sababu alipotaka kuzungumza naye alitafuta kiti kwanza, wakawa macho kwa macho. Tulimpeleka kila mahali. Jumapili tukamrudisha kwenye ile hoteli ya mteremko mpya kwa chakula cha mchana. Familia zilikuwa zimetoka kanisani, watoto wamevaa soksi nyeupe, na kwenye spika za dari kulikuwa na nyimbo za kwaya.

Nilikuwa nikimwekea mkaguzi mukimo kwenye sahani. Ubeti wa kwanza ulipita, sikuusikiliza. Wa pili ukaanza, na ukaanzwa na kaka yangu.

Nilijua kwamba kanda ile ipo. Kwaya iliirekodi akiwa bado anaifundisha, na baada ya kumfukuza hawakupata mwingine wa kuimba sehemu ile, basi wakaendelea kuiuza na kuipiga jinsi ilivyo. Lakini sikuwahi kukutana nayo hadharani, katikati ya watu wakitafuna. Alikuwa akivuta pumzi kabla ya kila mstari, na pumzi hiyo ilisikika. Mama mmoja kwenye meza ya jirani aliimba naye, macho amefumba. Ni mtu wa kwetu. Ninamfahamu. Siku ile ya soko alikuwa pale, na duka lake la nyavu na kamba liko mkabala na lililokuwa duka la kaka.

"Uko sawa?" mkaguzi aliniuliza kwa Kiingereza.

Nilikuwa nimeshika mwiko hewani. Nikamwambia, "Anayeimba ni kaka yangu."

"Ana sauti nzuri sana. Yupo hapa Nyeri?"

"Hatujui aliko."

Alichukua mwiko mkononi mwangu, akajipakulia mwenyewe, akanipakulia na mimi.

Baada ya chakula aliniomba tutembee bustanini. Mlima ulikuwa umejifungia. Tulifika mwisho wa nyasi, kwenye ua wa miti midogo, akasimama.

"Nina swali ambalo si la baraza," alisema. "Ni langu. Mume wangu ni mtaalamu kama sisi. Tumehudhuria kila mkutano pamoja tangu tulipokuwa vijana. Kama tungekuja hapa, tungekuwa salama?"

Nilikuwa na majibu tayari, na yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Watu wa huku ni wakarimu. Mgeni haulizwi mambo ya chumbani kwake. Langoni kuna walinzi. Nikafungua mdomo nimpe mojawapo, na nikaona kwamba nikilitoa nitakuwa nimemsimamisha mtu huyu mahali aliposimama kaka yangu, nimwambie hapa pana upepo mzuri.

"Ndani ya lango hili mngekuwa salama," nikamwambia. "Nje ya lango, sijui. Siwezi kukuahidi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo. Kisha akauliza jambo ambalo mimi, kwa yote niliyoyapitia, nilikuwa sijaliwaza.

"Na wenzenu wa hapa walio kama sisi? Wale wa Karatina, wa Nanyuki. Sisi tutapanda ndege tuondoke. Wao wakionekana wamekaa nasi, itakuwaje?"

Hapo nilikaa chini kwenye nyasi na kumsimulia habari yote, cherehani barabarani, koti, baba na mitamba yake. Yeye pia alikaa chini, na suruali yake nzuri. Nilipomaliza alinimiminia kile kinywaji chake. Kilikuwa kichungu kweli, nikakinywa chote.

Kamati ilikutana Nyeri baada ya mkaguzi kuondoka. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa kazi, aliyenifundisha chuoni, na mpaka leo namwita Mwalimu. Alitaka mkutano ule kuliko sisi sote. Alikuwa karibu kustaafu, na aliona huo ndio utakuwa mwisho mwema wa safari yake. Nilisema kwamba hoteli zimerekebishwa, chakula kipo, barabara ni nzuri, hospitali ziko karibu. Kisha nikasema siwezi kuandika kwamba mahali hapa ni salama kwa kila mwanachama, hasa wanaume wanaoishi na wanaume wenzao, na kwamba nashauri tuondoe ombi letu mpaka tuweze kusema hivyo bila kudanganya.

Mwalimu alivua miwani.

"Wewe ndiye mtoto wa huku," alisema. "Kama ni mtu wa Kisumu angesema hivyo, ningeelewa. Wewe?"

"Ni kwa sababu mimi ni wa huku, Mwalimu."

"Hao unaowasema ni watu wangapi? Na mambo yao hayo, sisi hatuyaleti mezani."

Mwenzangu wa Nanyuki akaomba kusema. Nilikuwa na wasiwasi, kwani hatukuwa tumekubaliana lolote.

"Dini yangu ina neno lake juu ya jambo hilo, na nyinyi mnalijua, na mimi silifichi," alisema. "Lakini nimezunguka hoteli hizi zote nikiambiwa nitabebwa. Mahali ambapo unaingia kwa huruma ya walioko mlangoni si mahali pako. Wakibadilisha nia, unaanguka. Mimi sitaki mtu yeyote apigwe kwa sababu tulimwalika. Niko na yeye."

Mwalimu alinigeukia mimi, na sauti yake haikuwa kali tena. "Ni nani aliyekutia mambo haya moyoni?"

Sikuwa nimewahi kulisema jina la kaka yangu mbele ya watu wa kwetu tangu siku aliyoondoka. Nikalisema. Nikasema alikuwa fundi Karatina, alifundisha kwaya, na yaliyompata.

Katibu aliinama akitafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Mwalimu alikaa ameshika miwani yake, akaitazama, kisha akasimamisha kikao akisema tutaendelea baada ya chai. Wengine walipotoka, aliniambia nibaki.

"Aliimba kwenye harusi yangu," alisema. "Sikujua ni kaka yako. Nilijua kwamba ana dada, basi."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Siku ile nilikuwa natoka kwa mama yangu na gari. Niliwaona kwenye barabara kubwa, jua likianza kushuka. Walikuwa wawili. Yeye amevaa koti kubwa sana, na yule mwingine amemshika kichwa hivi, na leso." Aliweka kiganja chake upande wa kichwa chake mwenyewe. "Nilikuwa nimesikia habari sokoni. Nilipunguza mwendo. Gari lilikuwa tupu, mimi tu ndani. Akanitazama, akanitambua. Nikaongeza mwendo."



"Kwenye kioo niliona lori la viazi limesimama," akaendelea. "Dereva alishuka akawasaidia kupanda nyuma. Lilikuwa linaelekea Nanyuki. Hicho ndicho ninachokijua. Mara nyingi naliona lori hilo likisimama, na mara nyingi naona ni mimi nimesimama, halafu naamka."

Baada ya chai alirudi kwenye kiti chake na kuwaambia wanakamati kwamba ombi linaondolewa. Wawili walipinga. Mmoja wao hanisalimii mpaka leo. Huniona hospitalini akageukia ukutani.

Baba yake mwenzangu aliuliza kwa ajili yangu. Anawajua madereva wa malori ya Nanyuki na Isiolo, wazee kwa vijana, na alikaa nao kwenye chai nyingi akiuliza habari za watu wawili na koti kubwa. Mmoja alidhani anakumbuka, akataja Marsabit. Tulifuata, haikuwa kitu. Mzee alinipigia simu mwenyewe kunieleza, akaniita mwanangu, akasema ataendelea kuuliza.

Nilikwenda nyumbani kumwambia mama. Nilimkuta nje akichambua maharagwe. Nilimweleza kwa Kikuyu, taratibu, kwamba kuna mtu aliyemwona kaka siku ile baada ya kutoka langoni kwetu.

"Alikuwa na koti?" akauliza.

"Alikuwa amelivaa."

"Alikuwa peke yake?"

"La. Alikuwa na mwenzake. Amemshikia kichwa na leso."

"Yule wa vitunguu?"

"Nadhani ndiye."

Mama aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo kando, kisha lingine.

"Basi alikula," akasema.

Mkutano ulifanyika nchi nyingine, mji mkubwa wenye mto, na tulikwenda, mimi na mwenzangu. Mwalimu hakuja. Alikuwa amestaafu. Yule mkaguzi alitupokea akiwa na mumewe, mtu mrefu mwenye mzaha, ambaye alikuwa amesikia habari zangu na akanikumbatia bila kuzitaja. Jioni moja, jua bado likiwaka, walitutembeza kando ya mto. Njia ilikuwa pana na laini, na mwenzangu alitangulia mbali na kiti chake bila kumtegemea mtu, mtandio ukipepea, akitusubiri mbele kwa fahari. Wale wawili walitembea wameshikana mikono. Watu walipishana nao wakiwa na mbwa, na mikate, na watoto.

Mimi nilikuwa nyuma yao. Nilijaribu kuutazama mto. Lakini kila hatua chache niligeuka, nikatazama njia tuliyotoka, milangoni, pembeni mwa majengo, nikisubiri mtu wa kwanza asimame aseme neno, na wa pili amsikie. Mume wa mkaguzi aliniona. Akapunguza mwendo hadi tukawa sambamba, akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikamwambia hapana, naangalia tu.

Akageuka akaangalia pamoja nami. Njia ilikuwa na mwanga, na hakukuwa na mtu aliyekuwa akija.